Hamna Uhusiano

Mitumbwi ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ilikuwa imekwisha kupakuliwa, na wanawake wenye mabeseni walikuwa wamekwisha kugombana na kupatana juu ya bei, Egide alipofika kwenye sehemu ya wavu iliyochanika vibaya zaidi. Alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu mbele, wavu umekazwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Wiki tatu zilikuwa zimebaki kabla serikali haijafunga ziwa ili samaki wazaliane. Katika wiki hizo tatu kila nahodha alitaka nyavu zake ziwe majini kila siku, na fundi wa nyavu hakuwa na ruhusa hata ya kuumwa kichwa.

Alikata uzi kwa meno, akausokota mwisho wake, akasimama. Niyomugabo, mwenye mitumbwi, alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki.

"Chef, leo niko naomba ruhusa," Egide alimwambia. "Mama mukwe yangu anapaswa kufika ku hospitali mbele ya saa tano. Docta ya macho iko leo tu, kesho inaenda."

"Mama mukwe gani? Bibi yako si alikufaka?"

"Alikufa. Hii mwaka ya tatu."

"Bon. Kama bibi alikufa, hauna tena mama mukwe. Uko na mama moja tu, ile alikuzala."

"Ile alinizala iko mbinguni. Huyu iko Bugeshi."

Niyomugabo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni la injini na wafanyakazi kumi na wawili wa kulisha. Alitazama wavu, akatazama ziwa, akasema kwamba Egide akienda atamwita Cyusa, na Cyusa akianza hatamwondoa mpaka ziwa lifungwe. Egide akasema ameelewa. Aliweka sindano yake ya mti na kibiringo cha uzi ndani ya mfuko wa koti, akanawa mikono ziwani, akapanda kuelekea barabarani.

Habari ya madaktari ilikuwa imemfikia jana yake. Kampire, jirani wa mama mkwe, alimpigia simu akamwambia kwamba madaktari wa macho wametoka mbali, wanapasua watu bure, na leo ndiyo siku ya mwisho. Mama mkwe mwenyewe, Libérata, asingepiga. Hakuwahi kumwomba Egide kitu tangu siku walipomzika Munezero, binti yake.

Egide alimkumbuka vizuri mwaka ule wa ugonjwa. Kwa desturi ya Bugeshi, huko juu mlimani, mama mkwe hakai nyumbani kwa mkwewe, hali chakula mbele yake, wala hagusani naye. Lakini Munezero alipolala kitandani bila kuinuka, Libérata aliteremka kutoka Bugeshi na mkeka wake begani, akakaa miezi mitatu katika chumba kimoja cha kupanga cha Egide. Alimwosha binti yake asubuhi na jioni. Egide alipokuwa analia, Libérata alitoka nje, akajifanya anapepeta mchele, ili mkwewe asione aibu. Baada ya matanga alikunja mkeka wake akaondoka, bila kuchukua hata kitenge kimoja cha marehemu.

Watu wa jumuiya yake ya sala walimwambia Egide kwamba ameshatimiza ahadi, kwa sababu ahadi ya kanisani husema mpaka kifo. Hakubishana nao. Ila alikuwa na neno moja alilolisikia kanisani Nyundo, katika mafundisho ya ndoa. Katekista mmoja mzee aliwaambia wachumba kwamba mtu akimchukua binti wa watu anaacha pengo katika nyumba ile, na Mungu hatamuuliza tu alimtunza vipi mke, atamuuliza pia habari ya pengo. Wenzake walikuwa wanachekacheka. Egide neno lile lilimwingia na halikutoka. Kwa hiyo kila Jumapili ya pili, baada ya misa, alipanda Bugeshi na sabuni, chumvi na sambaza wakavu, akakata kuni, akaziba paa, akateremka. Aliona kwamba mambo madogo kama hayo ndiyo aliyoyaweza.

Saa mbili na nusu alikuwa mlangoni kwa Libérata. Huko juu palikuwa na baridi, na volkano zilikuwa zimejifunika mawingu. Mama mkwe alikuwa amevaa tayari, kiremba kimefungwa, rozari shingoni, amekaa kwenye kigoda akiangalia upande usio na kitu. Macho yake yalikuwa na utando mweupe kama maziwa. Mtoto wa jicho, mganga wa kituo cha afya alikuwa amesema, pande zote mbili.

Walisalimiana kwa Kinyarwanda, kwa heshima zote, kila mmoja akiuliza habari za siku na za mwili. Kisha Egide alichukua fimbo. Ndivyo walivyokuwa wakitembea: yeye mbele ameshika ncha moja, mama mkwe nyuma ameshika nyingine, na fimbo katikati inatunza adabu.

Lakini mvua ya usiku ilikuwa imeharibu njia. Maji yalikuwa yamechimba kati ya mawe meusi, na kila hatua tatu Libérata aliteleza. Wakati mmoja alianguka kwa magoti. Egide alitazama simu. Ilikuwa karibu saa tatu, na bado barabara ilikuwa mbali, na bado kulikuwa na ofisi ya kata ya kupitia, maana hospitali ilitaka karatasi. Aliitupa fimbo kwenye majani, akachuchumaa mbele yake akampa mgongo.

"Mabukwe, panda."

Libérata alikuwa ameelewa kwa sauti ya mkwewe kwamba yuko chini.

"Watu watatuona," alisema.

"Acha watuone."

"Utapata aibu gani, mukwe wangu, kumbeba mama wa mke wako kama gunia la viazi?"

"Munezero nilimbeba hivi hivi mpaka hospitalini. Ulikuwepo. Hukuniambia ni aibu."

Mama mkwe alisimama kidogo zaidi, mvuke unatoka mdomoni. Kisha aliweka mkono mmoja begani mwa mkwewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na mwingine, akapanda. Alikuwa mwepesi. Egide alishuka akipima kila jiwe. Wanawake waliokuwa wanapalilia walinyoosha migongo wakatazama. Mmoja alicheka, kisha akaacha. Kampire alitoka shambani na jembe lake, akaokota mfuko wa Libérata uliobaki njiani, akawafuata mpaka barabarani.

Ofisi ya kata ilikuwa chumba chenye meza mbili na kompyuta moja. Karani aliitwa Rugwiro. Alikuwa amezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, na Kinyarwanda chake kilikuwa na lafudhi iliyowafanya watu watabasamu, kwa hiyo na mtu wa Gisenyi, kule ziwani, kama Egide alipendelea kusema Kiswahili. Aliwakaribisha vizuri. Alimpa mama kiti. Aliandika namba ya kitambulisho cha Libérata, kisha ya Egide, akangoja mashine ifikiri.

"Hapa panatakiwa ndugu wa karibu wa kutia sahihi," alisema. "Mgonjwa haoni, kwa hiyo hawezi kusoma anachokubali. Wewe ni nani wake?"

"Mi mukwe yake."

Rugwiro alisogeza uso karibu na kioo. "Naona mke wako ni marehemu. Rekodi ya ndoa yenu imeshafungwa. Watoto hamkupata. Samahani, bwana. Kwa mfumo, wewe na mama huyu hamna uhusiano."

"Kwa mufumo," Egide alirudia.

"Alikuwa mama mkwe wako. Sasa mfumo unaonyesha ana mtoto mmoja, Rutagengwa, anaishi Kampala. Huyo ndiye wa kutia sahihi, au atume idhini kwa maandishi."

Walimpigia Rutagengwa. Mara ya kwanza simu iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili ilikuwa imezimwa. Rugwiro alipiga mwenyewe kwa simu yake, akapata sauti ya mashine. Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika arobaini. Egide alieleza habari ya saa tano, akaeleza kwamba madaktari wanaondoka, na Rugwiro akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akasema kwamba mwaka jana karani mwenzake alimkubalia mtu asiye ndugu atie sahihi, akahamishwa.

Libérata alikuwa amesikiliza yote. Kiswahili cha sokoni alikijua.

"Mwanangu," alimwita Rugwiro kwa Kinyarwanda, "kama Rutagengwa angekuwa amekufa, nani angetia sahihi?"

Rugwiro alifikiri. "Kama huna ndugu kabisa, mama, hapo ofisi inakutilia sahihi. Hata mimi naweza."

"Kwa hiyo ningepata macho haraka zaidi kama mwanangu angekufa."

Rugwiro aliondoa mikono kwenye kompyuta akaiweka mapajani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye pete mpya ya ndoa, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Sikusema hivyo, mama."

"Najua hukusema wewe. Kinasema hicho kilicho mbele yako."

Rugwiro alivuta karatasi tupu. Akaandika kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri wa shule, kwamba Libérata wa kijiji fulani anafahamika, anahitaji matibabu, na anasindikizwa na Egide, mkwe wake. Alitia sahihi. Kisha akasema kwamba muhuri hana, muhuri anao katibu, na katibu yuko mkutanoni mjini mpaka jioni.

"Bila muhuri wanaweza kukurudisheni," alisema. "Lakini ndicho ninachoweza."

Egide alimshukuru. Alichukua pikipiki mbili, kwa sababu sheria ni abiria mmoja, na bei ya petroli ilikuwa imepanda tena wiki ile na nauli pamoja nayo. Hela aliyokuwa ameiweka kwa viatu iliishia hapo. Alimfunga mama mkwe kofia ngumu chini ya kidevu, akamwonyesha kwa mkono mahali pa kushika, akamwambia dereva wake mwenyewe asiachwe na ile ya mbele hata hatua kumi. Njia nzima aliona mgongo mdogo wa Libérata umenyooka wima, kiremba kinatokeza chini ya kofia, na midomo yake, kila walipopinda kona, inasali.

Walifika saa tano na robo. Muuguzi aliyekuwa na orodha aliitwa Jolly. Alisoma karatasi, akaigeuza kutafuta muhuri, akaigeuza tena. Alisema orodha imefungwa, na hata kama isingefungwa, karatasi hii si karatasi. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulisema neno lile mara nyingi tangu asubuhi. Egide hakuondoka. Hakubishana pia. Aliuliza kama benchi lile ni la watu wa orodha tu, au na mtu mwingine anaweza kukaa.

"Benchi ni ya kila mutu," Jolly alijibu.

Wakakaa. Saa sita, saa saba. Njaa ilipouma Libérata alitoa viazi vya kuchoma vilivyofungwa kwenye jani, akampa mkwewe viwili kwa kunyoosha mkono pembeni. Halafu kila mmoja aligeuka upande wake. Walikula wamepeana migongo, Libérata ameelekea ukutani, Egide akitazama mlango wa choo, kwa adabu kamili, kama wako nyumba mbili tofauti.

Jolly alipita na trei akawaona. Akamuuliza mwanamke mmoja wa jirani kwenye benchi kama wale wawili wamegombana.

"Hapana," mwanamke alijibu akicheka. "Ni mukwe na mama mukwe yake. Bibi ya huyu mwanaume alikufaka zamani. Ni yeye anamuletaka."

Jolly alisimama na trei yake. Aliuliza kama hakuna mtoto. Mwanamke akasema amesikia yuko mmoja, Kampala. Jolly akaenda zake.

Saa tisa kasoro, mzee mmoja aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha alipimwa presha, ikakutwa juu mno, akaambiwa arudi nyumbani na dawa. Daktari, mgeni mwenye haraka, alitoa kichwa mlangoni akauliza kama wamekwisha. Jolly alitazama benchi.

"Bado mmoja," alisema. "Mama huyu."

"Karatasi zake zipo?"

"Zipo," Jolly alisema, akaiweka ile karatasi ya kalamu katikati ya faili, uso chini. Kisha alimletea Egide fomu ya hospitali. Palikuwa na mahali pa kuandika uhusiano. Egide aliinua kalamu, akamtazama Jolly, na Jolly akajishughulisha na kuvaa glavu. Egide akaandika: *mtoto*.

Walipasua jicho moja, la kulia. La pili, walisema, ni mpaka madaktari warudi, mwakani kama Mungu akipenda.

Mgonjwa alitakiwa kurudi asubuhi kufunguliwa bandeji, kwa hiyo hapakuwa na namna, Libérata alilala kwa mkwewe. Gwiza, mwenye nyumba, alimpa Egide nafasi kwenye stoo yake kati ya magunia ya makaa. Kabla ya kuachana, waliketi mlangoni wakasali mafungu matano ya rozari. Baada ya amina Libérata alimtaja Munezero kwa jina, akamwambia, kana kwamba yuko chumba cha pili, kwamba safari imekwenda vizuri na mume wake hajala chakula cha maana tangu asubuhi.

Asubuhi Jolly aliondoa plasta taratibu, akapangusa, akamwambia mama afungue. Libérata alifungua. Alipepesa jicho mara nyingi. Aliutazama mkono wake kwanza, mbele na nyuma. Kisha akainua uso, akamwona mwanamume aliyesimama mbele yake na kofia mkononi, akamkazia jicho muda mrefu, isivyo desturi.

"Una mvi," alisema. "Nilikuacha huna."

"Zilikuja tu, Mabukwe."

"Na shati hili limechakaa. Miaka yote hii unakuja kwangu na shati hili, na mimi nasema mkwe wangu anavaa vizuri."

Jolly alicheka mpaka akashika ukuta. Libérata naye akacheka, na machozi yakamtoka katika jicho jipya, na Jolly akamkataza.

Njiani walipitia ziwani. Egide alitaka kujua mambo yake yamekaaje. Juu ya gunia lake alikuwa amekaa Cyusa, wavu umekazwa kidoleni. Cyusa aliinamisha kichwa. Niyomugabo alikuja, akamsalimia mama kwa heshima, akamuuliza habari za macho, kisha akamvuta Egide pembeni.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia, chef."

"Ziwa ikifunguliwa tutaona."

Egide alisema sawa. Miezi miwili bila kazi, labda zaidi. Libérata alikuwa amesimama hatua chache nyuma, anatazama mitumbwi kwa jicho lake moja. Walipokuwa wanapanda kuelekea barabarani alisema kwamba viazi vyake vimekomaa, na mvua nyingine kama ile itaviozesha chini, na yeye amekatazwa kuinama kwa wiki nne. Egide akasema kwamba kwa bahati ana nafasi.

Alilala kwa Kampire, katika kibanda cha mbuzi kilichosafishwa, na mchana alichimba. Udongo wa Bugeshi ni mweusi na mlaini, na jembe huingia bila kelele. Kwa siku mbili za kwanza mgongo wa mtu wa nyavu ulilalamika. Siku ya tatu ulizoea. Libérata alikaa ukingoni mwa shamba kwenye kigoda, amevaa miwani nyeusi ya hospitali, mikono imekunjwa, na hakuna kiazi kilichompita.

"Pale nyuma umeacha kimoja," alisema. "Na kile kidogo. Rudi."

Egide alirudi. Kulikuwa na jua, kulikuwa na upepo, magunia yalijaa, na alijikuta anapiga mluzi. Hakuwa amepiga mluzi tangu Munezero alipoumwa. Alishangaa, akaendelea.

Siku ya sita Rugwiro alipita na pikipiki ya ofisi, mfuko wa karatasi umefungwa nyuma. Alisimama, akaja mpaka ukingoni, akamsalimia mama, akafurahi kwa kweli kuona kwamba anaona. Kisha akakuna shingo. Alisema wanahakiki kaya zote, na kwamba mfumo bado unamwonyesha Libérata kuwa ni mzee anayeishi peke yake na mwenye mtoto wa kumtunza, huyo wa Kampala. Kwa hiyo hastahili msaada wa wasio na mtu. Na Egide hawezi kuandikwa popote. Alitaka tu wajue, wasije wakasikia kwa watu wengine.

"Nilijaribu kuandika mkwe," alisema. "Hakuna pa kuandika."

Egide aliegemea jembe. Libérata alimwambia karani hakuna neno, akamwuliza kama ana ndoo au mfuko. Rugwiro alikuwa na mfuko. Mama akainuka kwenye kigoda, akatembea mwenyewe mpaka kwenye gunia la kwanza, na kwa kuwa amekatazwa kuinama alionyesha kwa kidole, na Egide akajaza, vile vikubwa, mpaka mfuko ukakaza.

"Mpelekee mke wako," Libérata alisema. "Na akikuuliza vimetoka wapi, mwambie vimechimbwa na mtu ambaye hana uhusiano na mimi."

Rugwiro alisimama na mfuko mikononi. Akavifunga viazi juu ya zile karatasi zake, akakaza kamba mara mbili, akaondoka polepole kwa sababu ya mzigo.

"Mstari ule wa mwisho," Libérata alisema, akirudi kwenye kigoda, "tuumalize kabla ya mawingu."

Egide akatema mate viganjani, akalishika jembe.